Barua ya Baba Iliyoungua

Liuli, Wilaya ya Mbinga
14 Agosti 1994

Mpendwa Kaka Frederick,

Shikamoo. Habari za Tanga? Shemeji Glorious na watoto hawajambo? Sisi tu wazima wa mwili. Mama kikohozi kimempungua, dagaa wa ziwani, usipa, wanapatikana kidogo, ila mihogo ya mlimani nguruwe wameimaliza.

Barua yako Mama alinipa nimsomee. Nilipofika pale unapouliza kama Baba alikufa bila kukusamehe, nikasingizia mwandiko haueleweki. Mficha maradhi kifo humuumbua, basi nakuandikia.

Kaka, Baba alikuandikia.

Kompyuta uliyomtumia, kwa vile mkono wake ulishashindwa kalamu, ilitaka umeme wa ukutani, nasi hatuna. Nikafungua kisanduku chake cha umeme, nikatoa transfoma, nikafunga kidude cha kushusha nguvu ya betri ya gari toka volti kumi na mbili hadi tano. Nilikinunua Mbinga, kwenye haya maduka mapya yenye kila kitu. Kilichemka kama pasi, nikakiacha wazi kipate hewa.

Siku nzima Baba aligonga herufi kwa vidole vyake vya ukarani. Hakutaka mtu asome. Mimi nikaenda kwa fundi mwenzangu Nazari kuazima redio ya kaseti ya kunakilia barua nikutumie, maana mashine ile ikikosa umeme husahau yote usiyoyanakili kwenye kaseti. Baba sikumweleza hayo, wala kwamba kidude kisifunikwe. Mzee aliyepiga chapa misheni miaka thelathini, nimfundishe nini mimi?

Alipomaliza akafunika kila kitu kwa kitambaa, kama alivyofunika taipureta yake kila jioni ofisini. Nilirudi nikakuta moshi, Baba amelala chumbani. Kidude kimeungua, nguvu yote ya betri imeingia kwenye mashine. Nimeshaiundia kisanduku kingine, haiamki.

Kesho yake Baba akaniuliza, "Hamphrey, barua imekwenda?"

Niliona aibu ya ufundi wangu. Nikamjibu, "Imekwenda, Baba."

Alikuwa na miezi miwili bado ya kuishi. Angeweza kunitajia maneno yale nikayaandika kwa kalamu. Badala yake, kila meli ilipotia nanga alimtuma dada Ida akaulize kama umejibu. Alikufa akiamini wewe ndiye uliyekataa kumjibu.

Mama na Ida wanakusalimu sana. Haya hawayajui, ukitaka wajue, sema, nitawaambia mwenyewe. Nisalimie Shemeji na watoto. Mungu akujalie moyo mpana kuliko wangu.

Mdogo wako akupendaye, kama bado wanitaka,
Hamphrey