Mzinga wa Baba

Kiritiri, 3 Februari 1987

Mdogo wangu Salesio,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye jua. Sisi ni wazima, mbuzi pia, ila mvua imetusahau. Barua yako imeninyima raha. Ati moyo unadunda bila sababu, usiku huna usingizi, na mchana hata kunyoa ndevu ni kazi nzito? Wewe, huko Laare mnafunga miraa au mnaimaliza nyinyi wenyewe? Acha kutafuna. Asubuhi kunywa uji wa wimbi, jioni mchaichai. Lima kabustani ka mboga, sukuma wiki. Na kukipambazuka, vua viatu utembee kwenye umande mpaka jasho likutoke. Ukizidiwa nenda hospitali, usione haya.

Dada yako,
Mukami

Laare, 1 Machi 1987

Dada mpendwa,

Natumaini hamjambo nyote. Miraa nimeacha, na wenzangu kazini kwa tajiri wetu Thuranira wananicheka nikifunga vibunda mdomo mtupu. Bustani ilinishinda, lakini kutembea kumenisaidia sana. Nashuka njia ya mashambani kungali na ukungu.

Siku hizi nina mwenzangu, mzee nisiyemjua jina. Ana kamba ya katani begani na ananuka moshi. Huniuliza neno moja tu, "Ulilala?" Basi namweleza yote, naye hanikatizi, na kifua kinakuwa chepesi. Kila siku tunafika mbali kidogo. Ajabu ni kwamba umande hunilowesha mpaka magotini, lakini suruali yake haishiki hata tone.

Ndugu yako,
Salesio

Kiritiri, 9 Machi 1987

Salesio,

Hujambo? Sina mengi leo. Huyo mzee ana vidole vingapi mkono wa kushoto? Nijibu upesi.

Dada yako

Laare, 16 Machi 1987

Dada,

Salamu. Ana vinne, kile kidogo hakipo. Umejuaje? Jana tulifika mtoni. Alivuka, akasimama ng'ambo akinisubiri. Dada, kumwangalia tu nilipata utulivu ambao sijawahi kuupata maishani. Nilitia mguu, maji yakawa baridi mno, nikarudi. Mwisho wa mwezi nina siku ya mapumziko. Nitavuka nione anakokaa.

Ndugu yako

Kiritiri, 21 Machi 1987

Salesio,

Barua hii nimempa Njiru wa lori akukabidhi mwenyewe. Usivuke. Nakupigia magoti.

Huyo ni baba. Tulikuambia aliuawa na malaria, tukakudanganya. Alianguka mtini akienda kurina asali, kamba ikiwa begani. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu, una miezi miwili, nami nina miaka kumi na miwili. Nilimwona akianguka. Mzinga wake ungali juu mpaka leo, kwa sababu katika ukoo wetu mzinga wa marehemu hufunguliwa na mwanawe wa kiume, na sisi hatukutaka uujue mti ule. Tulikosea. Njoo uufungue.

Dada yako

Kiritiri, 2 Mei 1987

Ndugu yangu,

Natumaini ulirudi salama. Njiru anasema sasa unalala mpaka uamshwe, na mashavu yamejaa. Mungu asifiwe. Ile asali uliyorina tumekula na majirani, nyeusi lakini tamu ajabu.

Ulipokuwa hapa uliniuliza kama mimi niko sawa, nikakucheka. Siko sawa. Tangu siku ile mtini sijalala usingizi wa kushiba, Salesio, miaka ishirini na miwili. Dawa zote nilizokuandikia ni zile ninazozijaribu mwenyewe. Mama alikuwa akilia, wewe ulikuwa mtoto, nani angekumbuka kuniuliza?

Leo alfajiri nilikwenda kutembea. Nikanusa moshi nyuma yangu. Akaniuliza, "Ulilala?"

Nilitembea naye nikilia, nikamwambia yote, na nilijisikia vizuri, siwezi kukuficha. Jua lilipotoka nikajikuta niko katikati ya mto. Huku hauna maji tangu Januari, ni mchanga mtupu. Hakuna baridi ya kunirudisha. Naogopa siku nyingine nitavuka bila kujua.

Dada yako

Laare, 6 Mei 1987

Dada,

Ulilala? Barua hii nimempa Njiru akufikishie leo hii, usinijibu kwa karatasi. Nimeomba ruhusa, kesho kutwa niko huko, na asubuhi tutatembea wawili uniambie yote tangu mwanzo. Mpaka hapo usitoke alfajiri, hata ukisikia harufu ya moshi mlangoni. Mimi nitakuita Mukami, ndivyo utakavyojua ni mimi. Yeye muda wote ule hakuwahi kuniita kwa jina.

Ndugu yako,
Salesio