Zamu ya Mama Yako

Dada Felista,

Sijui mtu aliye huko uliko husalimiwa vipi, kwa hiyo salamu naziruka, na najua utanisema kwamba sina adabu. Sema tu. Tangu tukuzike hakuna anayenisema inavyotakiwa. Wananionea huruma, na huruma inanichosha kuliko matusi yako.

Nakuandikia nikiwa nimesimama. Karatasi iko juu ya gunia hapa ghalani Matai, upepo wa mwezi wa sita unapita chini ya mlango, na miguu haitulii. "Kizito, kaa chini, kiti hakiumi." Nakusikia. Watu wote wako Misa. Wakitoka wanakuja hapa kusikiliza orodha ya zamu, na kabla hawajafika kuna jambo natakiwa nilifanye kwenye mfumo wako wa kompyuta. Ni dogo, hata mtoto anaweza kulifanya. Tangu asubuhi nalizunguka tu.

Nianze na habari mbaya. Ile kompyuta ya kikundi cha wakulima, uliyoifunga hapa kwa mikono yako, iliungua wiki ileile ya mazishi. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ikatoa moshi, basi. Mashine ya kupukuchua mahindi ni nzima, trekta la kuivuta lipo, mafuta yapo. Lakini orodha ya nani anapukuchua lini ilikuwa ndani ya ile kompyuta, na wewe unawajua watu wa kwenu. Mara tu orodha ilipokosekana, kila kaya ikakumbuka kwamba zamu ilikuwa yake. Mzee Oresto akaifunga mashine kwa mnyororo, ufunguo akautia kwenye koti. Kama mwenyekiti wao alisema neno moja tu: "Haingurumi mpaka orodha irudi. Sitaki watu waumizane kwa sababu ya magunzi."

Na mahindi ya mama yako yamelala uani, hayajapukuchuliwa. Fukusi wameshaingia. Mzee Oresto alitaka kumpa zamu ya kwanza kwa mdomo tu, maana desturi tunaijua sote, aliyefiwa hapangi foleni. Mama akakataa. "Nisitangulizwe kwa kuonewa huruma," alisema. "Mpaka orodha ya Felista iseme." Juzi nilimkuta kwenye mkeka anapukuchua kwa mikono, hindi moja moja, na vidole vyake vile vya baridi yabisi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa. Nikaona siwezi kurudi Sumbawanga kabla mfumo huu haujawaka.

Basi nilikuwa nimekuja na ile laptop kuukuu ya dukani, ile uliyoipa jina Punda, pamoja na flashi yako yenye mfumo. Jana nikaufunga ndani ya Punda kama ulivyonifundisha, nikafungua ukurasa huku nimeshajiandaa kusifiwa. Badala ya orodha ukatokea ukurasa mwekundu, umeandikwa kwa Kiingereza kwamba draiva haijaonekana.

Nikacheka, dada. Nilicheka kwa sababu draiva naijua. Ni kile kipande kidogo cha programu kinachouwezesha mfumo kuongea na kanzidata, mahali majina yote yanapohifadhiwa. Kanzidata yetu ni MySQL, nimekuona ukiifunga tangu siku ya kwanza niliyoingia dukani kwako kuomba kazi ya kutoa fotokopi. Nikanunua bando, nikapakua draiva ya MySQL, nikaiweka, nikamzima Punda nikamwasha. Ukurasa mwekundu. Nikaitoa, nikaiweka upya. Mwekundu. Nikaingia kwenye faili la mipangilio kuhakikisha imeruhusiwa, na imeruhusiwa. Nikaitaka kompyuta inionyeshe draiva zote ilizonazo, nikaiona hii hapa, ya MySQL, imekaa kwenye orodha bila wasiwasi. Nikarudi kwenye ukurasa, ukaniambia palepale kwamba haijaonekana.

Mzee Oresto alikuwa anapita mlangoni, anakohoa, anaondoka. Mwisho akaingia.

"Kijana, imeshindikana?"

"Bado kidogo, mzee."

"Kidogo ya hapa au kidogo ya Sumbawanga?"

Nikaanza kutafuta nakala ya majina kwenye flashi, angalau nijue kwamba ipo. Kila Ijumaa ulikuwa unanitoa roho kwa nakala, na kumbe kwenye flashi yako mwenyewe hapakuwa na nakala ya MySQL hata moja. Nilitoka nje nikazunguka ghala nikikusema kwa sauti, mpaka mlinzi akanifuata kuuliza kama niko salama. Nilikukasirikia, Felista. Niliona umeondoka na kila kitu, kama ulivyoondoka na ugonjwa wako bila kumwambia mtu. Msibani walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na niliwachukia waliosema. Jana nyuma ya ghala niliyasema maneno hayohayo kwa mdomo wangu.

Niliporudi ndani, ukurasa mwekundu ulikuwa bado uko wazi. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa unanipiga kikofi mkononi nikikimbilia kubofya. "Kosa likitokea usiguse kitu. Soma kwanza mpaka nukta ya mwisho. Kompyuta haitukani, inaeleza." Mimi nilisoma maneno ya mwanzo tu, yaliyobaki nikajifanya nayajua. Nikaanza upya, polepole, kama mtu anayesomewa hukumu. Mbele kidogo ya lile neno draiva, kwenye mstari uleule niliokuwa nauruka tangu asubuhi, mfumo ulikuwa umetaja kanzidata unayoitaka. Haikuwa MySQL. Ilikuwa SQLite.

Hiyo ndogo! Ile uliyonionyesha siku moja tukisubiri umeme, ukaniambia haihitaji kuendeshwa peke yake wala kulindwa, majina yote yanakaa ndani ya faili moja tu. Nikafungua folda ya mfumo. Faili lilikuwepo palepale, nimelipita mara sijui ngapi. Tarehe yake ni ya masika haya.

Masika haya ndipo ulipokuwa unasafiri kwenda Mbeya kufuata vipuri. Ukarudi na begi jepesi, nikakutania kwamba siku hizi vipuri vya Mbeya ni hewa tupu. Ukacheka mpaka ukashika ubavu. Mimi nikadhani ni kicheko.

Draiva ya SQLite ni ndogo sana, dada. Iliingia kabla chai yangu haijapoa. Ukurasa ukafunguka, majina yote ya Matai yakajipanga, na Mzee Oresto akapiga makofi na kuniita fundi mbele ya watu. Na mimi nikashindwa kufurahi, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa. MySQL ilikuhitaji wewe. Kila umeme ukikatika vibaya ilikataa kuamka, wakakupigia simu, ukaja, hata zile siku ulizokuwa unatembea umeshika ukuta. Ulijua utaacha kuja. Ukakaa na maumivu yako ukauhamisha mfumo mzima ndani ya faili moja ambalo hata Kizito anaweza kulitia mfukoni.

Ungeniambia! Ningekaa nawe tukauhamisha pamoja. Ningekubebea hilo begi mpaka hospitali huko Mbeya, tupu au limejaa. Ulinipunguzia mzigo wa kompyuta ukaniachia huu mwingine, na huu sina pa kuuweka.

Sasa nikwambie jambo linalonisimamisha. Unakumbuka mlivyobishana na Mzee Oresto kuhusu wafiwa? Yeye alitaka kila msiba ujadiliwe kwenye kikao. Wewe ukasema weka kisanduku tu, mwenye msiba atiwe alama, na mfumo utampandisha wenyewe. Akakukumbusha yule bwana aliyemzika shangazi yake mara mbili ili apate zamu. Mlicheka wote wawili, halafu ukaongeza sehemu mbili chini ya kisanduku. Moja jina la marehemu, ya pili jina la mtu aliyekuwepo mazikoni. Bila hizo mfumo haukubali.

Jana Mzee Oresto alinishika bega akasema, "Ya mama yake Felista uiweke wewe. Ulikuwepo."

Nilikuwepo, ndiyo. Nilisimama nyuma kabisa, nimeshika simu, natafuta mtandao nisiouhitaji. Zamu ya kutia udongo ilipofika nilitia nikiangalia viatu vya aliyenitangulia. Tangu siku ile kuna sehemu ndani yangu imekataa kusaini. Asubuhi nafungua duka nikitegemea kukuta umeshawasha heta na kulivaa lile sweta lako la kijani. Nikiulizwa na wateja, nasema umesafiri kidogo. Na wewe, fundi wangu, uliunda kisanduku kinachonidai jina langu na jina lako mstari kwa mstari.

Wanaimba wimbo wa mwisho huko kanisani. Ngoja.

Nimeandika jina la mama. Alikuwa karibu na mwisho wa orodha. Nimetia alama kwenye msiba. Marehemu: Felista. Nilikosea herufi mara mbili, nikafuta, na nilisoma mstari mzima mpaka nukta ya mwisho kabla ya kubofya. Aliyekuwepo mazikoni: Kizito.

Mama yako amepanda juu ya orodha, dada. Ni wa kwanza. Orodha yako imesema, na sasa hana sababu ya kukataa.

Nawasikia wanakuja, Mzee Oresto ndiye anayekohoa. Nitaisoma orodha kwa sauti ili mama aisikie kutoka huko nyuma anakopenda kukaa. Kesho alfajiri mahindi yake yanaingia kwenye mashine, na magunia nitayabeba mwenyewe mpaka ndani. Halafu narudi dukani, na atakayekuuliza nitamwambia ukweli. Nakuahidi pia kwamba flashi hii haitatoka mfukoni mwangu, na siku nikiumwa nitasema, hata kama ni kichwa tu.

Nenda salama, dada yangu. Kiti nimeshakivuta.

Nimekaa.

Kizito