Sauti ya Mzee Mwenye Upanga

Kaka,

Huku hatujambo. Goti la mama limepungua kuuma, na paka wako bado mwizi.

Jana nilikwenda kuona filamu ya ile katuni ya Kijapani ya wawinda mizimu, ambamo marehemu baba alimsemea mzee mwenye upanga kwa Kiswahili miaka kumi na moja. Nilijua wametafuta mtu mwingine. Mzee akafungua mdomo, bisi zikanimwagika zote. Ni baba! Akamwambia binti yake, "Usilie, Kibiriti wangu," akakata roho. Kaka, katuni nzima haina Kibiriti. Kibiriti ni mimi.

Nikamfuata fundi wa sauti pale studio. Naye akashangaa: "Kwani hukuambiwa? Tulimrekodi wodini, tumejifunika blanketi kuzuia mwangwi. Kakako ndiye aliyeshika maikrofoni."

Wewe! Wewe uliyeniambia kwenye simu ni homa tu, nimalize mitihani kwanza?

Mama anakusalimu. Mimi sikusalimu. Wewe baba alikuaga ukiwa umemshika mkono. Mimi nimeagwa na katuni, katikati ya watu wanaotafuna bisi.

Mdogo wako,
Kibiriti