Ufa wa Mparachichi

Jumatatu, 2 Machi

Nimekamua. Nimepanda ngazi. Nimepima ufa. Vijiti viwili vya kiberiti vinaingia vikiwa vimelazwa pamoja. Juzi kiliingia kimoja.

Tawi kubwa la mparachichi wa marehemu baba lilipasuka kwenye panda kwa upepo wa Ijumaa. Limejaa matunda. Limelala juu ya nyumba yote, chumbani na sebuleni. Nimelisimamishia nguzo ya mgrevilea, lakini nguzo inasaidia upande wa nje tu. Upande wa ndani ni bati, na chini ya bati ni mke wangu Naserian, mtoto wetu wa kwanza mwenye siku kumi, na mama mkwe. Mimi nalala jikoni.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati. Nesi alisema abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, asipigwe na baridi wala moshi. Kwa hiyo jikoni hawezi kuja. Kwa majirani pia hawezi. Yeyo, ndivyo Naserian anavyomwita mama yake, amesema mtoto havuki geti letu kabla siku zake hazijatimia.

Yeyo ametoka Arash, siku nzima ya basi na vumbi, kuja kumtunza binti yake. Na amekuja na adabu ya kwao. Mkwe wa kiume na mama wa mke hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, hawaitani majina. Akitoka nje, mimi naingia zizini. Mimi nikipita uani, yeye anajifunika shuka kichwani. Maneno yote yanapita kwa Naserian. Siku ya nane leo.

Mchana parachichi moja lilidondoka kwenye bati. Mlio kama bunduki. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka.

Naogopa. Hakuna wa kumwambia, ndiyo maana naandika.

Jumanne, 3 Machi

Vijiti viwili na nusu.

Mwenye mashine ya kukatia miti yuko Mbulu hadi wiki ijayo. Kwenye simu alisema ataangusha mti wote na magogo yatakuwa yake. Nimekataa. Pia wiki ijayo ni mbali. Mawingu yameanza kukaa upande wa msitu.

Nimefikiria vifaa kwa utaratibu.

Panga: hapana. Kila pigo litatikisa tawi na kuongeza ufa.

Shoka: vivyo hivyo, zaidi.

Msumeno wa fundi, alio nao jirani Bura: mrefu, unayumba, meno madogo. Mti mbichi unayajaza unga wenye utomvu. Halafu nitapandaje nao? Nahitaji mikono yote miwili.

Basi ni msumeno wa kukunja. Unakaa mfukoni mpaka ufike juu. Nimenyoosha uzi kukatiza upana wa tawi pale nitakapokata, nikafunga fundo. Unene inchi saba. Kesho Karatu.

Jumatano, 4 Machi

Vitatu.

Dukani kulikuwa na misumeno miwili ya kukunja. Mmoja mpya, mwekundu, bado kwenye plastiki. Mwingine umetumika, mpini umechubuka. Kijana wa duka alisema huo umetoka kambi ya watalii huko juu kreta. Safari ikiisha wageni wanawaachia wapishi vitu.

"Kaka chukua mpya. Huo mzee wa nini?"

Nilifungua na kufunga kila mmoja mara kumi. Ule mpya loki yake inacheza. Nikakandamiza mgongo wa bapa kwenye kaunta, likajikunja kuelekea vidole vyangu. Ningekuwa juu ya mti ningebaki na vidole viwili. Ule wa zamani ukifunguka unalia *ka*, kisha hauendi popote. Meno yake makubwa, ncha zinakwama kwenye ukucha. Bapa inchi kumi. La mpya ni inchi saba, sawasawa na uzi wangu. Bapa likilingana na tawi hakuna nafasi ya kuvuta, meno hayatoki nje kumwaga unga.

Nikaomba nijaribu kwenye mpini wa fagio bovu. Kijana akacheka.

"Kaka, unanunua msumeno au unaoa?"

Nikamwambia nimeshaoa, ndiyo maana niko hapa.

Nimerudi na wa zamani.

Alhamisi, 5 Machi

Vitatu na nusu.

Nimefanya mazoezi nyuma ya ghala, kwenye tawi la mgrevilea lililoanguka. Kazi mbaya. Nilitoka jasho, bapa likapinda kidogo, na mti haukukatika hata nusu. Nikasema nimedanganywa.

Naserian akafika pembeni ya ghala, mtoto kifuani, uso umechoka.

"Yeyo anasema unasukuma."

Nikamuuliza amejuaje. Ghala liko kati yetu, na yuko ndani, dirisha limefungwa.

"Anasikia. Anasema hicho chuma kinalia tu kikienda. Kinakula kikirudi. Anasema uvute, usisukume."

Niliona aibu. Mimi nimezoea msumeno wa fundi, unaokata ukisukuma. Nikatazama meno vizuri: yameelekea mkononi kwangu. Nikavuta, bila nguvu nyingi. Ukaingia kama kisu kwenye ugali. Tawi zima kwa dakika mbili.

Naserian aliniambia zamani kwamba kwao nyumba inajengwa na mwanamke. Mama yake amekata miti ya nyumba zake zote mwenyewe, tangu akiwa msichana. Nilikuwa nimesahau. Mtu anayejua kukata kwenye boma hili ni mmoja tu, na ndiye nisiyeweza kumuuliza.

Ijumaa, 6 Machi

Vitano. Usiku ulipiga upepo. Sikuhitaji kuhesabu.

Nimechuma matunda yote niliyoyafikia kutoka kwenye ngazi. Magunia mawili. Tawi lilipumua kidogo, nguzo ikalegea. Yaliyobaki yako juu ya bati.

Nilitaka kupanda leo. Haikuwezekana. Nikipanda pale nitakuwa juu ya kichwa cha mama mkwe. Naserian alilia aliponiambia. Alisema Yeyo hakukataa, amenyamaza tu, na kunyamaza kwake ni kukataa.

Nikamtuma: naomba watoke ndani. Jibu: mtoto na baridi. Nikamtuma: wakae nyuma ya ghala, kuna jua na hakuna upepo, na ni ndani ya geti. Jibu halikuja. Nikamtuma mara ya tatu: mwambie nimepima, ufa umeongezeka vijiti vitatu tangu Jumatatu. Naserian akaniambia kwa hasira kwamba mama yake hajui vijiti vyangu vya kiberiti na hana haja navyo.

Nimekasirika. Na adabu, na ufa, na mimi mwenyewe. Mtoto ana kilo mbili na robo. Hilo tawi lina kilo ngapi sijui.

Saa kumi jibu likaja. "Yeyo anasema usiku wa leo amelisikia tawi. Anasema kesho. Atakaa nyuma ya ghala na mtoto, ameelekea ukutani, na amejifunika. Akitoka chini ya paa, wewe hauko juu ya kichwa chake."

Akaongeza: "Anasema ukate kidogo kidogo kutoka nchani. Na usisimame chini ya kitu chochote kilichopasuka."

Jumamosi, 7 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tatu asubuhi. Yeyo alitoka amejifunika shuka, mtoto ndani ya shuka. Mimi zizini, nikitazama ng'ombe. Naserian aliponiita, walikuwa tayari nyuma ya ghala, wamekaa kwenye ngozi, nyuso ukutani.

Bura alikuja kushika kamba. Goti lake bovu, hapandi, lakini mdomo wake mzima. "Paskali, unayeogopa ni wewe au ni mti?" Nikamwambia wote wawili. Nilifunga kamba ya ng'ombe katikati ya tawi, nikaipitisha kwenye tawi zima la juu, mwisho nikampa.

Nikapanda. Msumeno umekunjwa mfukoni. Nilipokaa kwenye shina nikaufungua. *Ka.*

Vipande vinne vya kwanza vilikwenda vizuri. Nilianza chini kidogo, kisha juu, ili gome lisichanike. Nilivuta, sikusukuma. Kila kimoja nilikihamishia kamba, vikashuka polepole, vikapita ukingo wa bati bila kuligusa. Bura aliimba. Nikaanza kujiona fundi. Hapo ndipo nilipoharibu.

Kilibaki kipande kinene, kile cha uzi wangu, nikakirudishia kamba. Nikaanza chini, nikavuta, nikavuta, nikapita kiasi. Tawi likalala kidogo na kuubana msumeno. Haukwenda mbele wala nyuma. Nikauvuta kwa mikono miwili. Umekwama. Nikawaza: nikiliinua tawi kidogo, litaachia. Nikateremka kwenye panda, nikaweka bega langu chini ya tawi, nikasukuma juu.

Niliweka bega chini ya kitu kilichopasuka. Nilikuwa nimeambiwa.

Sikusikia chochote. Bura naye hakusikia, alikuwa anaimba. Aliyesikia alikuwa nyuma ya ghala, amefunikwa kichwa, ameelekea ukutani.

"Paskali! Acha hicho chuma! Kumbatia mti!"

Sauti nzito, sijawahi kuisikia. Mwili ulitii kabla ya akili. Niliachia, nikakumbatia shina. Ufa ukafunguka. Mlio mmoja mrefu, kama gunia linapochanwa. Tawi likapita pale bega lilipokuwa, likaning'inia kwenye kamba, likamburuta Bura hatua tatu, likageuka, likaangukia uani. Ncha yake ilikunja bati moja la pembeni, upande wa kitanda.

Kisha mtoto akalia, kwa nguvu, kuliko siku zote. Sikujua kama ana pumzi nyingi hivyo.

Sikushuka mapema.

Bura aliinuka akijipangusa. "Nani kakuita?"

"Upepo," nikasema.

"Upepo wenu unajua jina lako," akasema Bura, akaenda zake kunywa maji.

Mimi mwenyewe sikujua kama Yeyo analijua.

Jumapili, 8 Machi

Sikwenda kanisani. Nimenyoosha bati, nimepiga misumari sita.

Bega linauma ingawa halikuguswa.

Naserian anasema mama yake hakula jana na hajala leo. Ametaja jina la mkwe, kwa sauti, watu wakisikia. Nikamuuliza nifanye nini. Akasema hajui, kwao hajawahi kuona.

Jioni akaja mlango wa jikoni. Alizungumza akitazama chini, kama mtoto anayesoma darasani.

"Yeyo anasema jana hakuna mtu aliyeita jina la mtu."

"Mwambie kweli. Mimi sikusikia mtu akiita."

Aliingia ndani. Baada ya muda nikasikia kijiko kikigonga bakuli.

Jumatatu, 9 Machi

Nimekamua. Nimepanda ngazi kwa mazoea, hakuna cha kupima. Nimelainisha kidonda cha mti kwa msumeno ili maji yasitulie. Nimekata kwa mpango, yaani bila bega.

Msumeno nimeuokota juzi kwenye majani. Bapa limepinda kidogo karibu na ncha. Loki nzima. Nimeusugua utomvu kwa mafuta ya taa, nimeupaka mafuta.

Mvua imenyesha mchana. Juu ya bati ilikuwa mvua tu.

Jumamosi, 21 Machi

Siku za mtoto zimetimia. Kilo mbili na nusu kamili. Jana walimtoa nje ya geti, akapepesa macho kwa jua. Leo Yeyo anarudi Arash.

Asubuhi Naserian alikuja zizini.

"Yeyo anauliza kile chuma kinachojikunja kinauzwa wapi. Anataka kujenga mvua zikipungua."

Niliuleta, nikaupaka mafuta tena, nikajaribu loki mara kumi. Nikauweka juu ya kigoda mbele ya mlango, umekunjwa, mpini ukielekea ndani. Kisha nikaenda nyuma ya ghala, nikasimama nimeelekea ukutani. Sikuwa na shuka, nikafumba macho.

Nilisikia shanga za Yeyo zikitoka mlangoni. Zikasimama. *Ka*, ukafunguka. Akatembea mpaka kwenye gogo la mparachichi lililobaki uani. Akavuta. Mara moja, taratibu, ndefu. Akavuta tena. Ulikuwa unakula kwa kurudi, hata mimi nilisikia. Kipande kikaanguka chini. Akaufunga.

Shanga zikaenda mpaka getini. Nikahesabu hadi ishirini, kisha nikatoka.

Juu ya kigoda hakukuwa na kitu.