Chupa Nane kwa Tangi la Mama Zuhura

Mama Mwende,

Nakuandikia nikiwa kitandani kwetu hapa Mtopanga, mgongo ukiniuma kama siku zote. Kazi bado ni ile ya kupakua magunia Changamwe. Hilo halijabadilika. Lakini tulipokuzika Kitui, mama yako alibaki na Mwende. Alisema mbele ya watu wote, "Mjukuu wangu haendi kunywa maji ya Mombasa." Angekuwa amekosea ningemjibu. Unakumbuka wapangaji wa ploti hii walivyoharisha, kabla hujajitwika wewe kazi ya kutia dawa ya klorini kwenye tangi.

Ulipoondoka nikaishika mimi. Hakuna aliyenituma. Niliona chupa yako ya dawa dirishani, nikashindwa kuiacha pale ikishika vumbi.

Wajua mimi shule niliiachia darasa la sita. Maandishi ya chupa yanasema kifuniko kimoja, mililita tatu, kwa mtungi wa lita ishirini. Mwenye bauza, lile lori la maji, naye anauza maji kwa kyubiki, yaani sanduku la mita moja kila upande. Kitu kidogo hivyo na kitu kikubwa hivyo, kichwa changu kilikuwa kinagoma. Ukaniambia, "Usiruke. Pitia kwa mtungi. Mtungi umeubeba, unaujua." Basi kyubiki moja ni lita elfu, lita elfu ni mitungi hamsini, mitungi hamsini ni vifuniko hamsini, na vifuniko hamsini ndio chupa nzima. Tangi letu la zamani lilikuwa kyubiki moja. Chupa moja, kazi imekwisha.

Sasa Mama Zuhura mwenye ploti amejenga tangi jipya, la chini ya ardhi. Lile la zamani lilikuwa mita moja kila upande, hili ni mbili: kwenda chini mbili, upana mbili, urefu mbili. Siku bauza lilipolijaza, kila mtu alitoka nje kutazama. Omari wa chumba cha pili akanipa chupa mbili. "Tangi ni maradufu, na dawa iwe maradufu." Hata mimi niliona ni sawa. Nilikuwa nimeshafungua ya kwanza.

Kisha nikamwangalia dereva wa bauza akikunja mpira wake wa maji. Alikuwa amemwaga kyubiki nane, na tangi ndiyo kwanza limejaa. Nane zinaingiaje kwenye maradufu ya moja? Nikasimama. Nikapitia kwa mtungi, polepole, ulivyonizoesha. Mitungi mia nne. Vifuniko mia nne. Chupa nane, mama Mwende, si mbili! Chupa mbili zingetufanya tujione salama, na matumbo yangejua ukweli.

Niliporudi kutoka dukani na chupa nyingine sita, Mama Zuhura akapiga ukelele. "Yarabi! Mutua, wataka kutunywesha au kutufua?" Watu wakacheka. Omari akasema huzuni imenipanda kichwani. Hilo liliniuma, sitakuficha. Lakini nilijua nina haki, na mtu mwenye haki hahitaji kufoka. Nikaomba viberiti kila chumba. Nikaweka kimoja chini: hili ni tangi la zamani. Pembeni nikamwambia Omari apange jingine, urefu mara mbili, upana mara mbili, kimo mara mbili. Akapanga. Vikaenda vinane. Akavibomoa, akapanga upya, akinitazama kama nimemfanyia kiinimacho. Vinane tena.

"Basi tia," Mama Zuhura akasema, "lakini wa kwanza kunywa ni wewe."

Nikatia, nikakoroga kwa mti mrefu, tukangoja nusu saa, nikanywa kikombe kizima mbele yao. Maji safi. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa ploti aliyelalamikia tumbo, na hakuna anayenishikia mkono nikitia dawa.

Ndipo nikampigia mama yako. Sikumweleza hesabu. Nilimwambia, "Mama, njoo na mtoto, unywe mwenyewe." Akaja. Wiki nzima alilalamika: joto, mbu, wali wa nazi, Kiswahili cha Mama Zuhura eti kina mapambo mengi. Maji aliyanywa. Kuhusu maji alisema neno moja tu: "Yananuka hospitali." Jumapili asubuhi akapanda gari la Kitui peke yake. Begi la nguo za Mwende aliliacha chini ya kitanda chako, na juu yake sare ya shule imekunjwa vizuri.

Kwa hiyo tulia huko uliko. Sitakuahidi kwamba nitapata kazi nyepesi, maana sitaipata. Lakini nakuahidi hivi: mtoto huyu atalipita darasa lile nililoishia mimi, na hatakunywa maji ambayo sijayaonja.

Lala salama, mke wangu. Mwende ananiita, chai imeiva.

Mutua wako