Kadi Mbili kwenye Pindo la Kanga

Buyenzi, Bujumbura

Mama yangu Bi Hadija,

Shikamoo, Mama. Na shikamoo tena, maana najua ile ya kwanza umeiitikia huku umenuna. Magoti yanasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi ilifika, au imechua magoti ya dereva? Mimi mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala, na hapa begani kwangu yupo Mwanaidi, anachungulia kila ninachoandika. Anasema nikuambie bado ni wifi yangu. Kaka yake Juma ndiye aliyeniacha, yeye hakuniacha.

Ulitaka jibu lako kwa maandishi kwa sababu kwenye simu nakuzungusha. Kweli nakuzungusha. Tangu Juma anipe talaka neno lako ni moja: mwanamke aliyeachwa hakai mji wa watu. Nilipouza cherehani nikanunua kamera, ukaniwekea mpaka: harusi ya Rumonge ikipita na kamera hainilishi, nifunge mizigo nirudi Ujiji. Haya, harusi imepita. Sikiliza kwa utaratibu, na usimwambie anayekusomea aruke mpaka mwisho. Nakujua.

Kazi yenyewe niliipata kwa Mama Salha, yule mwenye duka la vitambaa mjini, wa zile familia za Kiarabu za siku nyingi hapa. Alikuwa anamwoza binti yake Salha kwa watu wa Rumonge, na upande wa wanawake hapigi picha mwanamume, hata awe nani. Dada aliyekuwa akiwapigia amehamia ng'ambo. Akaniita dukani, akaniangalia kuanzia kandambili mpaka mtandio, akasema, "Harusi hairudiwi, mwanangu. Ukiniharibia, hakuna mama wa hapa atakayekufungulia mulango." Nikasema insha'Allah sitaharibu.

Sasa, Mama, kamera hizi mpya, ambazo hazina kile kioo cha ndani cha zamani, ni nyepesi na hazipigi kelele, lakini zinakula betri kama mtoto wa kuachishwa ziwa. Kabla ya safari ilibidi ninunue vikorokoro vyake, na fedha ilikuwa ile ya kubana. Nikaenda na Mwanaidi kwenye kiduka kimoja cha vifaa vya simu na kamera. Wee! Mwanaidi kuona sakoshi moja nyeusi ya wapiga picha, mifuko kila upande, akaikumbatia.

"Chukua iyi. Watu wakuone tu wajue fundi amefika."

"Nikishainunua hiyo, ndani niweke nini? Upepo?"

Muuzaji, kijana mmoja mpole sana, akacheka. Akanionyesha flashi, akanionyesha stendi ya miguu mitatu. Nikamwambia vyumba vya bibi harusi vinajaa watu mpaka huna pa kuweka mguu wako mmoja, hiyo mitatu nitaiweka wapi? Nikachukua betri mbili za akiba, na nikamwomba aziwashe palepale ndani ya kamera yangu, maana za bandia kamera huzikataa. Nikachukua kadi mbili ndogo za kuhifadhia picha badala ya moja kubwa. Nitakuambia kwa nini. Kisha nikakunja mkoba.

"Dada, na kisanduku cha kadi?" akasema. Kilikuwa kijisanduku cha plastiki, kidogo kama cha uzi wa kushonea. "Apana usiache iki. Kadi inapotea, mi nakuambia."

Nikamwambia mimi nina pindo la kanga. Mama yangu amefunga fedha humo tangu sijazaliwa na haikupotea hata senti. Mwanaidi akanikonyeza tuondoke. Ndiyo nikatoka hapo najiona mjanja wa mji mzima. Mkanda wa kuvaa shingoni nilishona kwa mkono kutoka kitenge kilichobaki, na kamera nikaiweka ndani ya ule mfuko wa kubebea chakula cha moto, nimeutandika taulo. Vumbi la lenzi nilipuliza kwa kile kipira cha kuvuta mafua ya watoto wachanga, kutoka duka la dawa. Usinicheke, kinafanya kazi vizuri kabisa.

Tukaenda Rumonge kwa gari la familia, baada ya kungojea mafuta asubuhi nzima kwa sababu hapa mafuta siku hizi ni kutafutana. Na huko nikakutana na desturi yao, ambayo Mama Salha alikuwa ameniambia mapema. Kwenye shughuli za wanawake, simu zote zinabaki mlangoni kwenye kapu. Wakishaingia wanavua mitandio, wanaachia nywele, wanacheza mpaka jasho. Mpiga picha akimaliza, kabla ya kugusa sahani ya chakula, anatoa kadi na kuiweka mkononi mwa mama wa bibi harusi. Yeye anaifungia mpaka siku ya kusafisha picha, na siku hiyo anakaa pale pale anazitazama zikitoka. Kadi kwanza, pilau baadaye. Ndiyo maana nilinunua mbili: moja ya siku ya hina, moja ya siku ya harusi.

Siku ya hina ilikwenda vizuri mno. Salha alicheka, mashangazi walicheza, bibi mmoja alinivuta nimpige picha miguu yake tu. Kadi ilipojaa nikaitoa nikaifunga fundo la kushoto la kanga. Ile tupu ilikuwa fundo la kulia. Adhana ya magharibi ikatukuta hapo, nikaenda kutawadha, nikavua kanga, nikaswali, nikajifunga tena. Baadaye nikafungua fundo la kushoto, nikampa Mama Salha kadi mbele ya wanawake wote. Akaiinua juu waione, wakapiga vigelegele, akaenda kuifungia kwenye sanduku la dhahabu. Nikala pilau yangu kwa raha.

Kesho yake mchana, bibi harusi yuko chumbani anapambwa, nikafungua fundo lililobaki, nikaitia kadi kwenye kamera, nikawasha. Mama, nilimwona Salha. Kichwa wazi, mikono imejaa hina, anacheka. Picha baada ya picha.

Nilipojifunga ile kanga baada ya swala niliigeuza juu chini, kushoto kukawa kulia. Mama Salha alikuwa amefungia kadi tupu. Mimi nilikuwa nimelala na picha za wanawake wa watu kiunoni, katika nyumba iliyojaa wajomba na makaka, na asubuhi nimekwenda nazo sokoni kununua limau!

Nikakaa chini kwenye mkeka. Nafasi kwenye kadi ilikuwa imekwisha. Shetani hakosi: akaniambia futa za hina, piga za harusi, nani atajua? Nikajibu Mama Salha atajua siku ya kusafisha, na hina ya Salha haitarudi. Nikafikiria kutoroka, wallahi, nikatazama mlango. Halafu nikamwomba Mungu aninyooshe ulimi, nikaenda.

Nilimkuta Mama Salha kati ya dada zake, mikono imelowa marashi. Nikamnong'oneza. Akanishika mkono, akaniingiza chumbani kwake, akafunga mlango na ufunguo. Akafungua sanduku, akatoa kile kijikadi.

"Iyi ndiyo tupu?"

"Ndiyo, Mama."

"Kumbe mi nimelinda hewa usiku kucha!" Akacheka mpaka wanja ukamchuruzika. Kisha kicheko kikakatika, akanibana kifundo cha mkono hasa. "We, umemwonyesha nani?"

"Hakuna, Mama. Hata mimi nilikuwa sijui ninazo."

Akanitazama. Mwisho akachukua kadi iliyojaa, akaifungia mwenyewe, akanipa ile tupu.

"Wale wa nje wasijue. Wakijua, hakuna mutu atavua mtandio leo, na harusi ya mwanangu itakuwa kama matanga. Nenda. Mtoto anatoka."

Nikaenda. Nilipiga picha siku ile kama sijawahi kushika kitu kingine maishani. Betri ya kwanza ikafa, ya pili ikafa wakati umeme umekatika nyumba nzima, ya tatu ikanifikisha. Nilivyomaliza nikamfuata Mama Salha, nikanyoosha kadi mbele ya wote kama desturi. Akausukuma mkono wangu.

"Kula kwanza, mwanangu. Utanipa ukishashiba."

Watu wakageuka. Nikakaa nikala, kadi nimeikamata kwenye kiganja cha kushoto, na machozi yakanishinda yakadondokea kwenye pilau. Shangazi mmoja akaniuliza kama ni pilipili. Nikasema ndiyo.

Picha zimesafishwa, mama wa watu amezikubali zote isipokuwa moja aliyotoka amefumba macho. Dada yake wa mtaa wa Mutanga Nord ameshanishika kwa harusi ya binti yake, na kuna familia ya mtaa wa Carama imemtuma mtu jana. Kodi ya chumba nimelipa. Na kile kisanduku cha plastiki nimekwenda kukinunua. Kijana wa watu hata hakunicheka.

Msalimie Baba mdogo fundi seremala, mwambie kikohozi hakitibiwi kwa sigara. Msalimie Bibi, mama yake Baba, na umpigie magoti kwa niaba yangu. Dada Asha mwalimu, na wanawe, na yule jirani yetu muuza mawese ambaye lazima barua hii anaisikiliza ukutani. Mwanaidi anasema utoe na salamu zake, na kwamba samaki wa huku hawafikii migebuka ya kwenu.

Sasa jibu lako. Dada Asha amenipigia kuniambia umekwisha toa magunia ya mahindi chumbani ili kitanda changu kiingie. Nimelia, Mama, usifikiri sikulia. Hakuna atakayenipenda hivyo tena duniani. Lakini magunia yarudishe. Sirudi.

Mwanao,
Zuhura, mpiga picha