Kompyuta Namba Sita

Jumanne, 4 Machi. Kakuma.
Stima imepotea asubuhi, ikarudi. Nimefuta vumbi kwenye kibodi zote, na kesho litakuwa pale pale. Printa inameza karatasi tena.

Mama Maombi amekuja. Mkimbizi wa Kongo, mjane, fundi wa cherehani, rafiki yangu tangu nifungue hii cyber. Akaenda moja kwa moja namba sita, kompyuta pekee yenye ile programu ya kuficha. Anaogopa, kwa hivyo nikamweleza upya. Ujumbe wako unapitia kompyuta tatu za watu wasiojuana, huko mbali. Ya kwanza inajua umetoka wapi, haijui unaenda wapi. Ya mwisho inajua unaenda wapi, haijui umetoka kwa nani. Hata shirika la wakimbizi litakalousoma halitajua ni wewe. Akauliza kama mwenyekiti wa bloku yao kambini anaweza kujua. Nikamwambia labda awe Mungu.

Huyo mwenyekiti hawapi wajane mabati mpaka wapitie kitandani kwake. Mama Maombi ameamua kusema. Wengine wamenyamaza, na siwalaumu.

Jumamosi, 8 Machi.
Baba Ian amekuja kutoka Lodwar, anakofanya kazi ya serikali. Amemkuta Mama Maombi namba sita, anamalizia. Mama alipotoka, Baba Ian akaniuliza yule mama anaficha nini. Nikamwambia yote. Mume wangu ni mume wangu, nimfiche nini? Akasema huyo mama ana roho ngumu. Nilifurahi. Siku hizi tukiongea ni habari za watoto na nyumba tu.

Jioni ametoka kuona watu.

Jumapili, 9 Machi.
Tumetoka kanisani, akapotea kidogo, akarudi na mguu wa mbuzi. Rafiki amempa. Rafiki gani, hakusema. Nimepika na ugali na sukuma. Tumekula mpaka basi. Amepanda gari la Lodwar mchana. Nimemkosa tayari, na sioni haya kuandika hivyo.

Jumatano, 12 Machi.
Mama Maombi hajaja. Alikuwa arudi kuangalia kama amejibiwa. Jibu linafunguka kwa maneno ya siri ambayo anayo kichwani mwake peke yake. Siwezi kumfungulia.

Namba sita imekaa bure. Hata wateja wengine wa sita hawaingii. Wanapita hapo nje wakiangalia upande ule mwingine.

Alhamisi, 13 Machi.
Akiru, jirani anayeuza mkaa, ameingia mbio. Hatukumaliza hata salamu ya ejok. Watu wamepasua turubai la nyumba ya Mama Maombi. Kwenye bomba la maji wanamwita "mwandishi." Wamemtupia mawe, na moja limempata binti yake kichwani. Maombi mwenyewe. Ameshonwa, yuko hai.

Woi, Mungu wangu.

Nimekaa namba sita, nikaikagua programu mwanzo mwisho. Iko sawa. Hakuna aliyeingia, hakuna kilichovuja. Nikaikagua tena, nikiomba nipate kosa. Sikupata. Kuna mtu amesema.

Ijumaa, 14 Machi.
Mwenyekiti amekuja. Hajawahi kukanyaga hapa. Akavuta kiti cha namba sita, akaketi, hakuwasha kitu.

"Madam, ile mbuzi yangu ilikuwa tamu?"

Nikasema mbuzi gani.

"Si mzee alikuletea mguu? Mzee wako ni mtu mzuri. Anaongea vizuri."

Akacheka, akaenda zake.

Nilikula ile nyama. Nilimpikia, nikaramba vidole, nikamshukuru.

Jumamosi, 15 Machi. Lodwar.
Nimefunga duka nikaja. Nilitaka akatae. Njia nzima niliomba akatae.

Hakukataa. Ati walikuwa wanapiga story tu. Ati ilimtoka. Halafu ikawa mwenyekiti anajuana na watu, atatusaidia kupata kibanda cha biashara ndani ya kambi. Nikamuuliza kuhusu yule mtoto aliyepasuliwa kichwa. Akasema, "Huyo ni mkimbizi, mama Ian. Leo yuko, kesho wamempeleka ng'ambo. Sisi ndio tutabaki hapa."

Nimelala na mtu huyu miaka yote.

Nilitupa sahani ukutani. Haikuvunjika, ni ya plastiki. Akaiokota akaiweka mezani. Nkt!

Namchukia. Naandika hapa nisije nikasahau kesho akinichekesha.

Jumatatu, 17 Machi. Kakuma.
Amepiga simu mara nyingi. Sijashika.

Nimeiweka programu kwenye kompyuta zote. Ilikuwa kwenye moja kwa sababu inajikokota, na sikutaka wateja walalamike. Upuuzi. Ukionekana umekaa sita, bloku nzima inajua una siri. Sasa hata anayetafuta matokeo ya mpira anapita njia ileile. Wamelalamika kutwa. Nimewaambia asiyetaka aende kwingine, na wengine wameenda.

Namba nimezibandua.

Alhamisi, 20 Machi.
Mama Maombi amehamishiwa Kalobeyei, makazi mengine ya wakimbizi. Nimepanda boda nikaenda. Nimemkuta kwenye cherehani, mlangoni. Binti ana bandeji hadi kwenye nyusi. Sikupewa kiti.

Nikasema yote niliyokwenda nayo. Kwamba programu haikumfichua. Kwamba sikuchukua kitu cha mtu. Kwamba aliyesema ni mume wangu.

Akauliza, "Na yeye alijulia wapi?"

Nikasema nilimwambia mimi. Kwa sababu ni mume wangu, si mtu wa nje.

Alikata uzi kwa meno. "Na miye, niliolewaka na yeye?"

Nikakaa chini, kwenye mchanga. Akaendelea kushona. Nilitaka kumuuliza kama alijibiwa, nikaona sina haki hiyo. Hakunifukuza. Hakuniangalia pia. Alimaliza gauni, akaanza lingine.

Nilipoaga, binti ndiye aliyeitika.